Chupa Iliyoota Ukungu Dirishani

Jumamosi ya pili ya Januari niliamka nikaikuta chupa yangu mpya ya wiski imechafuka. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeiacha kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, mahali ambapo fremu ya mbao imeachana na ukuta na upepo wa Edinburgh, huku Uskoti, hupenya bila kubisha hodi, na kinywaji ambacho jana yake kilikuwa na rangi ya majani makavu sasa kilikuwa na ukungu mwembamba, mithili ya maji yaliyooshewa mchele kwa mara ya tatu. Niliifungua, nikainusa, nikaifunga. Harufu ilikuwa ile ile. Hata hivyo nilikwisha kuamini kwamba nimeuziwa chupa mbovu, nikaanza kupekua mifuko ya koti kutafuta risiti.

Kabla ya kwenda dukani kujiaibisha nilishuka kwanza kwa mzee anayeishi ghorofa ya chini, ambaye ujana wake aliumalizia kuviringisha mapipa katika maghala ya wiski ya Leith, bandari ya mji huu. Aliitazama chupa, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaiweka karibu na hita na kunikaribisha chai. Tulipomaliza kikombe cha pili, ukungu ulikuwa umetoweka na kinywaji kimeng'aa kama jana.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, na baadaye nilithibitisha kwamba ni ya kweli. Wiski hutoka kwenye pipa ikiwa na chembechembe za asili ya mafuta ambazo huyeyuka vizuri ndani ya kilevi kikali, lakini kiwango cha kilevi kikiwa chini ya asilimia 46 hivi na baridi ikazidi, hushikana na kuonekana kama ukungu. Wenye viwanda wengi hawapendi mteja aone jambo hilo, kwa hiyo huipoza wiski hadi karibu na nyuzi sifuri na kuipitisha kwenye chujio kabla ya kuitia chupani. Ukungu huondoka, na wapenzi wengi wa wiski hushikilia kwamba sehemu ya uzito wake mdomoni huondoka nao. Chupa yangu haikuchujwa hivyo, na wala haikutiwa rangi ya karameli, ambayo sheria ya wiski ya Uskoti inaruhusu ili chupa za mwaka huu zifanane na za mwaka jana. Yote hayo yameandikwa kwenye lebo. Mimi ndiye niliyekuwa sijasoma.

Chupa yenyewe inaitwa Great King Street Artist's Blend, na ni ya Compass Box, kampuni ndogo iliyoanzishwa mwaka 2000 na John Glaser, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya masoko upande wa Johnnie Walker. Kusema kweli si mpya duniani, kwa kuwa ilitoka mara ya kwanza mwaka 2011, bali ni mpya kwangu. Great King Street ni mtaa wa hapa Edinburgh, katika ule upande wa mji uliojengwa kwa mistari iliyonyooka, na kampuni iliwahi kuwa na anwani yake huko. Ni wiski ya mchanganyiko, yaani aina mbili za wiski zilizounganishwa, na neno hilo ndilo lililonifanya niipite rafuni kwa miaka minne bila kuigusa.

Dharau yangu ina asili yake. Nyumbani kwetu Moshi, baba yangu mdogo alikuwa na kabati lenye milango ya vioo, na ndani yake, kati ya vikombe vya wageni na picha ya harusi, ilisimama chupa ya mraba ya Johnnie Walker yenye lebo nyekundu, nayo wiski ya mchanganyiko. Ilifunguliwa mara moja kwa mwaka, Krismasi, ukoo mzima unaporudi mlimani kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Wazee waliokuwa wakinywa mbege tangu asubuhi walimiminiwa kila mmoja kipimo kimoja, juu yake Coca-Cola hadi glasi ijae, na walikunywa kwa heshima ile ile waliyoitumia kupokea salamu za padri. Sisi vijana tulilamba mabaki ya glasi tukijifanya tunaziosha. Nilichokijua kuhusu wiski hiyo ni kwamba inawasha koo na kwamba inatakiwa kufichwa ndani ya soda.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba umbo lile la mraba lilikuwa na kazi. Alexander Walker, mwana wa muuza duka wa Kilmarnock aliyefungua biashara mwaka 1820, alichagua chupa ya pembe nne kwa sababu hupangika vizuri zaidi ndani ya kasha na haivunjiki ovyo melini, na lebo iliyolala upande kwa nyuzi 24 ilitoa nafasi ya maandishi makubwa zaidi. Kabati la baba mdogo lilikuwa dogo, na ile ilikuwa chupa pekee iliyokaa kwenye kona bila kuacha nafasi.

Nilipohamia hapa nilikutana na wenzangu kazini ambao walitamka majina ya viwanda kama watu wanaotaja vijiji vya mababu zao, na nikajiunga nao kwa kiherehere. Wao walizungumzia singo molti tu, yaani wiski iliyopikwa kwa kimea cha shayiri peke yake, katika kiwanda kimoja, kwa mitungi mikubwa ya shaba. Neno kimea lilinivutia zaidi kuliko walivyojua, kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ambayo ulezi ulilowekwa, ukaachwa uote, ukaanikwa na kusagwa kwa ajili ya mbege, na siku ya kwanza niliponusa shayiri iliyooteshwa nilijiona niko jikoni kwa bibi. Tangu hapo nilijihesabu kuwa mtu wa kimea. Wiski ya mchanganyiko niliiweka kundi moja na mambo ya utotoni, kama kaptura za shule.

Sasa, ninapokaa ni Gorgie, magharibi ya mji, jirani na uwanja wa mpira wa Tynecastle. Siku nyingi, hasa upepo ukitulia, mtaa mzima hunuka uji. Si lugha ya picha: ni harufu ya uji wa mahindi ulioachwa jikoni hadi ukaanza kuchacha, nzito na tamu kidogo, inayokufuata kituo cha basi hadi kituo cha basi. Inatoka North British, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1885 na ambacho hadi leo kinapika wiski ya nafaka mchana na usiku, nyingi yake ikitengenezwa kwa mahindi. Miaka minne nimepita mbele ya ukuta wake nikienda kazini, nimeizoea harufu yake kiasi cha kuikosa nikisafiri, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kinachopikwa mle kinakwenda wapi. Kinakwenda ndani ya wiski za mchanganyiko, zile zile nilizokuwa nikizipita rafuni.

Kwa sheria ya wiski ya Uskoti, wiski ya mchanganyiko ni muungano wa wiski ya kimea na wiski ya nafaka, zote zikiwa zimekaa ndani ya mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3. Wiski ya kimea hupikwa kwa mafungu: mtungi unajazwa, unachemshwa, mvuke unanaswa na kupozwa, kisha mtungi unasafishwa na kazi inaanza upya. Ya nafaka hupikwa kwenye mnara ambao haupumziki. Aliyeupatia mnara huo hati miliki mwaka 1830 alikuwa Aeneas Coffey wa Ireland, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa kodi ya pombe, mtu ambaye kwetu angekuwa ndiye anayewakimbiza wapika gongo. Uji uliochacha huingia upande mmoja, mvuke unapanda kutoka chini, na kilevi kinatoka juu kikiwa safi zaidi na chepesi zaidi kuliko cha mitungi ya shaba. Wepesi huo ndio unaoifanya isemwe vibaya. Wajuzi wangu kazini waliita nafaka kuwa maji ya kuongezea, na mimi nikaitikia.

Hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1906 mahakama moja ya Islington, London, iliamua kwamba pombe ya mnara haina haki ya kuitwa wiski, na ilibidi tume ya kifalme ikae kuanzia mwaka 1908 na kutoa jibu mwaka uliofuata kwamba ni wiski kama nyingine. Kufikia wakati huo fedha zilikwisha kutoa uamuzi wake. Sheria ya mwaka 1860 ilikuwa imeruhusu kimea na nafaka kuchanganywa ghalani kabla ya kodi kulipwa, na Andrew Usher wa mji huu huu, ambaye tayari nyumba yao ilikuwa ikichanganya wiski za kiwanda cha Glenlivet za umri tofauti tangu mwaka 1853, akaitumia nafasi hiyo vizuri kuliko wote. Mdudu aliyeharibu mizabibu ya Ufaransa katika miaka iliyofuata alimaliza kazi, kwa sababu brandi, inayopikwa kwa zabibu, ilipoadimika London, chupa za Uskoti zilikuwa zimekaa tayari. Usher huyo alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha North British, ile inayoninukia asubuhi, na mwaka 1896 aliupa mji pauni 100,000 za kujengea ukumbi wa muziki. Usher Hall ulifunguliwa mwaka 1914, baada ya yeye kufariki. Nimewahi kuketi humo nikisikiliza kwaya, nikidhani Usher alikuwa mwanamuziki.

Nirudi kwenye chupa. Niliinunua Ijumaa kwa pauni 30 na ushei, kwa sababu ile niliyoizoea ilikuwa imepanda bei kiasi cha kunikasirisha na kijana wa dukani alinihakikishia kwamba hii itanishangaza. Nikaionja usiku ule ule, kosa ambalo hata mwanafunzi asingelifanya, maana nilikuwa nimetoka kukaanga dagaa wa Kigoma niliotumiwa na dada yangu na nyumba nzima, mapazia yakiwemo, ilikuwa Kigoma. Niliandika kwenye daftari langu: «nyepesi, tamu, haina neno». Kisha nikaiweka dirishani ipate hewa, kama kwamba chupa iliyofungwa hupata hewa, na kilichofuata nimekwisha kukisimulia.

Jumapili jioni nilijipanga upya. Madirisha yalifunguliwa mchana kutwa. Glasi niliisuuza kwa maji ya moto bila sabuni, ile ndogo yenye tumbo pana na mdomo mwembamba ambayo hukusanya harufu na kuiinua kuelekea puani, nikamimina kiasi cha kijiko kikubwa kimoja na nusu, nikakaa.

Harufu ya kwanza ilikuwa tufaha la kijani lililokatwa na kuachwa kidogo hadi likaanza kubadilika rangi. Nyuma yake ilikuja vanila, lakini si ile ya keki za dukani. Ilikuwa karibu zaidi na harufu ya mbao mpya kwa fundi seremala, ambako utamu na ukavu hukaa pamoja. Kisha, nilipoiacha glasi dakika kumi na kuirudia, palikuwa na kitu ambacho sikukitarajia kabisa: nazi. Nazi iliyokunwa muda huo huo, kabla haijatiwa maji. Nilinusa mara tatu kuhakikisha kwamba si hamu ya nyumbani inayoninong'oneza. Baadaye nilielewa kwamba mwaloni wa Marekani una kemikali yenye harufu hiyo hasa, na kwamba wiski ya nafaka, kwa kuwa haina kelele zake yenyewe, huliachia pipa nafasi ya kusema. Compass Box hutumia kwa sehemu kubwa mapipa ya mwaloni huo yaliyowahi kubeba bourbon, wiski ya Marekani, mara moja tu, ndiyo maana pipa bado lina la kusema.

Mdomoni haikuwasha. Ina asilimia 43 ya kilevi, zaidi kidogo ya 40 ambayo ndiyo kiwango cha chini kisheria, lakini iliteleza juu ya ulimi kama krimu na ikachukua muda kabla ya kuonyesha makali yake, ambayo yalikuwa ya tangawizi na mdalasini, pembeni mwa ulimi na si kooni. Hapo katikati ndipo nilipokutana na kimea: ladha ya mkate mzito uliokatwa ungali moto, na chini yake ule uchachu mdogo wa nafaka iliyoota ambao naufahamu tangu utotoni. Nilielewa basi kile ambacho fundi mchanganyaji alikuwa akikifanya. Nafaka, ambayo ni karibu nusu ya kilichomo, haikuwekwa kupunguza ukali wa kimea. Imewekwa chini yake kama wali chini ya mchuzi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeuita wali maji ya kuongezea.

Nikaongeza maji kwa kutumia mrija wa kunywea, tone moja, la pili, la tatu. Kwenye tone la tatu tufaha liligeuka peasi lililoiva sana na harufu ya maua ikapanda, nyepesi, kama ya mmea ambao siujui kwa jina. Kwenye tone la sita yote yalianguka. Kwa hiyo ni tatu, na ninaandika hivyo kwa ajili ya mwingine atakayeijaribu, kwa sababu nimezoea singo molti kali zinazovumilia kijiko kizima na nilipoteza glasi moja nikijifunza.

Ina kasoro. Ladha yake haikai. Unameza, unahesabu hadi kumi, na kilichobaki ni ukavu mdogo wa mbao na kumbukumbu ya vanila. Mtu anayetaka moshi, ule wa wiski zinazotokana na shayiri iliyokaushwa kwa udongo mweusi wa mabwawani unaochomwa kama kuni, hataupata kabisa. Pia ni tamu kiasi kwamba glasi ya pili inapendeza pungufu ya ile ya kwanza. Kwa maji ya gesi na barafu, hata hivyo, ufupi wa ladha na utamu huo hugeuka kuwa faida, na ninashuku kwamba wenyewe waliitengeneza wakiwa na glasi ndefu ya namna hiyo akilini. Kiasi kimoja cha wiski kwa vitatu vya maji ya gesi, bila limau, na ile nazi inarudi juu ya mapovu.

Lebo haitaji umri, na hilo nalo zamani lingetosha kunifanya niirudishe rafuni. Kisa chake kinachekesha. Sheria inasema kwamba ukitaja umri wa wiski, unaweza kutaja ule wa wiski changa kuliko zote zilizomo, na huo tu. Mwaka 2015 kampuni hii ilitangaza hadharani umri na kiasi cha kila kitu kilichomo ndani ya wiski zake mbili nyingine, ikaambiwa kwamba inavunja sheria kwa kusema ukweli mwingi kupita kiasi. Mwaka uliofuata ikaanzisha kampeni ya kutaka sheria ibadilishwe, na wakati huohuo ikaweka utaratibu ambao mnunuzi anayeuliza mwenyewe hujibiwa. Yaani tone moja la wiski ya miaka 3 ndani ya pipa la wiski za miaka 30 linakulazimisha uandike 3, au unyamaze. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nikisoma tarakimu kwenye lebo kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani, naona aibu kidogo.

Mzee wa chini nilimpelekea glasi yake Jumatatu. Aliinusa kwa muda mrefu, akasema ni nzuri, akaongeza maji mengi kuliko ninavyoruhusu, akainywa yote. Kisha akaniambia kwamba katika miaka yake yote ya maghala hakuwahi kusikia mtu akizungumza kwa heshima kuhusu nafaka isipokuwa wale waliolipwa kuichanganya, ambao walikuja na vikombe vyao vidogo, wakanusa pipa baada ya pipa bila kumeza, na waliweza kusimamisha mzigo mzima kwa sababu ya pipa moja lililonuka vibaya.

Chupa sasa imebaki robo na haikai tena dirishani. Nimeshaagiza nyingine ya kumpelekea baba mdogo Desemba, isimame kabatini pamoja na ile ya mraba, ingawa ni ya mviringo na itamsumbua kwenye kona. Najua atauliza Coca-Cola iko wapi, na sitambishia. Ninachofikiria tangu sasa ni namna ya kumweleza, kwa simu na kabla sijafika, kwamba safari hii asiiweke kwenye friji.